Historia ya mkanda: toka jineri ya Murutunguru mpaka mkonga wa wilaya

Nimeadimika kidogo, si unajua tena mambo ya mitihani ya mwisho wa semista, na kabla ya hapo nilikuwa kwetu Nansio kwa mazoezi ya kufundisha. Sasa nimerudi kampasi, mafua yananisumbua, boom bado halijaingia, kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Leo naandika historia, maana ndilo somo langu la kufundishia. Ila ni historia ambayo hutaikuta kwenye hendauti ya mhadhiri yeyote. Ni historia ya mkanda. Hapana, sio wa suruali, wala mkanda wa video, wala ule wanaogombea mabondia, wala mkanda wa jeshi (Mungu atuepushe nao). Nasema ule unaozungusha mashine. Fundi wa gereji anauita fenibelti au taimingi belti kutegemea umefungwa wapi.

Nilikuwa nafundisha Mapinduzi ya Viwanda kidato cha tatu, nimeshamaliza James Watt na injini ya mvuke, nimejaza ubao. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hayo mapinduzi huku kisiwani yalifika lini?" Darasa zima likacheka. Mimi nililiona swali zuri kuliko yote niliyoyasikia muhula ule, na haya ndiyo majibu niliyokusanya tangu siku hiyo.

Mkanda ambao kila mtoto wa Nansio ameuona kwanza ni wa cherehani. Nenda baraza lolote la fundi nguo. Anakanyaga pedeli, gurudumu kubwa la chini linazunguka, na kamba ya ngozi inapandisha mzunguko ule mpaka kwenye kichwa cha cherehani. Ikilegea fundi anaikata kipande kidogo, anatoboa, anaiunga kwa waya, kazi inaendelea. Dakika tano. Kumbuka hizo dakika tano, maana historia yote ninayoisimulia ni ya jinsi zilivyopotea.

Mkanda mkubwa ulikuja na pamba. Wajerumani walianza kusukuma kilimo cha pamba kanda hii ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza wakaendeleza, na vikajengwa viwanda vya kuchambua pamba, jineri kama wazee wanavyosema. Ukerewe tulikuwa nayo yetu Murutunguru. Viwanda vya zamani vya aina ile vilikuwa na mpango mmoja karibu dunia nzima: injini moja, shafti ndefu iliyopita juu kwenye nyumba, na kwenye shafti zimepangwa puli. Kila mashine ilipata nguvu yake kupitia mkanda mpana bapa, wa ngozi au wa turubai lililopakwa mpira.

Ule mkanda bapa una akili yake. Puli yake haiko sawa kabisa, ina katumbo kidogo katikati, na mkanda ukizunguka hujivuta wenyewe kwenye katumbo hako, kwa hiyo hautoki. Ukitaka mashine izunguke kinyume, unaupindisha mkanda uwe kama namba nane. Ukitaka kuisimamisha mashine moja bila kuzima injini, unausukuma mkanda uhamie kwenye puli ya pembeni inayozunguka bure. Hakuna gia wala kompyuta, na kila kitu kiko wazi machoni pako. Ubaya wake ni kwamba nguo au mkono ukinaswa, umekwisha.

Pamba ina siasa zake pia. Wakulima wa kanda ya ziwa walilalamika sana kuhusu mizani ya wanunuzi, na wanunuzi pamoja na wenye jineri wengi wakati huo walikuwa wafanyabiashara wa Kiasia. Vikaanza vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, VFCU, chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. VFCU haikuishia kwenye mizani, ilianza kumiliki jineri zenyewe. Hapo ndipo penye somo. Ukinunua jineri unanunua na mikanda yake, yaani unahitaji mtu wa kuikaza, kuiunga na kuibadilisha, kila msimu, pamba haimsubiri mtu.

Tofauti yake ilionekana Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga kwa matrekta mengi, mengine yakiwa masalia ya vita kuu ya pili. Walikuwa na pesa na walikuwa na mashine. Gereji na vipuri vya kutosha hawakuwa navyo. Ardhi ngumu ikayatafuna matrekta, mengi yakalala, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Mvua na udongo vilichangia sana, sibishi, lakini ukisoma habari za Kongwa utaona hasara ilianzia pia pale mashine zilipozidi watu wa kuzitunza.

Turudi kisiwani. Baada ya jineri, mkanda uliosambaa vijijini ni wa mashine ya kusaga. Ule mlio wa tuk-tuk-tuk tuliokulia nao ulikuwa mara nyingi wa injini ya Lister, kutoka kampuni ya R A Lister ya Dursley, Uingereza, au ya India iliyoigizwa humo humo. Lister 6/1 ya silinda moja inazunguka mara 650 kwa dakika, polepole kabisa. Kinu cha nyundo kinataka kasi zaidi ya hapo. Basi tuseme puli ya injini ina kipenyo cha sentimita 60, na ya kinu ina sentimita 13. 650 mara 60 gawanya kwa 13, unapata mizunguko 3,000 kwa dakika. Hilo ndilo swali la fizikia ambalo ningependa liwe kwenye mtihani, kwa sababu kila mtoto ameshabeba debe la mihogo mikavu kwenda kulikokotoa bila kujua.

Siku hizi mashine nyingi zina mota ya umeme, lakini mkanda umebaki. Ila sio bapa tena. Ni ule mnene wenye umbo la herufi V, ambao mwaka 1917 John Gates wa Denver, Marekani, aliutengeneza kwa mpira na nyuzi. Mkanda wa V haukai juu ya puli, unazama kwenye mfereji na kujibana kwa ubavu. Ndio maana unavuta mzigo mkubwa ukiwa mwembamba na bila kukazwa kama kamba ya ng'ombe. Fundi akikutuma "B 75" anamaanisha mkanda wa upana wa aina B, wenye urefu wa inchi 75 kwa ndani. Angalia lakini kilichopotea: huu ukikatika huwezi kuuunga kwa waya. Lazima dukani. Dakika tano za fundi cherehani zimekuwa safari ya meli kwenda Mwanza.

Sasa tuje kwenye magari ya porini, maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea.

Tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, kampuni ya Rover ilionyesha gari la mkulima lililobuniwa na Maurice Wilks. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo Land Rover. Wengi wetu tunaifahamu kama gari la bwana shauri, la mapadre na la halmashauri. Lakini angalia ilivyouzwa mwanzoni: ungeweza kuagiza na puli ya nyuma, ukaliegesha gari shambani, ukavalisha mkanda bapa, ukapura nafaka au kusukuma pampu. Yaani Land Rover ya kwanza ilikuwa gari na jineri ndogo kwa wakati mmoja. Mkanda wa karne iliyopita ulikuwa bado unaning'inia mkiani mwake, na mkanda wa V uko mbele, unazungusha feni, pampu ya maji na dainamo.

Huo wa mbele ndio fenibelti, na kila dereva wa zamani aliujua kama anavyomjua mkewe. Ukilegea unapiga kelele ukikanyaga mafuta. Ukikatika taa nyekundu ya chaji inawaka, halafu mshale wa joto unapanda, halafu gari linachemsha. Umepewa onyo la sauti, la taa na la mvuke. Asiyesikia hayo matatu basi tena.

Kuubadilisha nilifundishwa na mjomba kwenye gereji ya chini ya mwembe, nawapeni na nyie. Zima injini, acha ipoe, toa waya wa betri. Legeza bolti za dainamo, au alteneta kwa gari la baadaye, halafu isukume ielekee injini. Mkanda wa zamani utalegea, upitishe kwenye mapanga ya feni, toka. Futa puli, na kama zina oili tafuta inakovuja kwanza, maana oili na mpira havipatani. Vaa mkanda mpya kwa mkono. Usiulazimishe kwa bisibisi, utakata nyuzi za ndani na wiki ijayo utarudi pale pale. Vuta dainamo nje, kaza, kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Ukiingia kama sentimita moja, safi. Ukiwa umekaza sana utaua beringi za pampu. Halafu, na hapa wengi wanasahau, baada ya safari ya kwanza au ya pili ukaze tena, kwa sababu mkanda mpya hunyooka. Wa zamani ukiona nyufa, au ubavu unang'aa kama kioo, huo haufai tena.

Kilichofuata kwenye historia kinaeleza tabia zetu za leo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, magari mengi ya watu binafsi na mashirika yakachukuliwa kwenda mbele. Bei ya mafuta duniani ikapanda 1979. Fedha za kigeni hakuna, vipuri hakuna. Mwaka 1983 Sokoine akaendesha vita ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali ikaanza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Katikati ya miaka hiyo, mtu mwenye Land Rover iliyokatika fenibelti alifanyaje? Soksi ndefu ya nailoni ya mama mwalimu, inafungwa fundo, inakupeleka kilomita kadhaa. Kipande cha mpira wa tyubu. Kamba ya katani. Kizazi kizima cha madereva na mafundi kilijifunza kwamba gari halishindikani, na kwamba sikio zuri na ujanja vinatosha.

Na vilitosha kweli! Siwacheki hata kidogo. Tulisafiri kwa ujanja ule.

Tatizo ni kwamba wakati sisi tunafunga soksi, mkanda ulikuwa unahama. Ulikuwa unaingia ndani ya injini. Mkanda wenye meno ulitumika mapema kwenye cherehani za Singer huko Marekani, halafu mwaka 1962 kampuni ya Glas ya Ujerumani ikauweka kwenye injini ya gari dogo la kawaida kufungulia valvu. Magari ya porini yakafuata taratibu. Land Rover za zamani zilikuwa na cheni ya taimingi, lakini dizeli ya lita 2.5 ya mwaka 1984 ikaja na mkanda. Toyota nayo, injini ya 2H ya Land Cruiser za zamani ilitumia gia, chuma kwa chuma, hakuna wa kuifikiria. Mwaka 1990 ikaja 1HZ, lita 4.2, silinda sita, na hii kamshafti yake na pampu ya dizeli vinazungushwa na taimingi belti.

1HZ ndiyo injini ya mkonga. Ile Land Cruiser nyeupe yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, ambayo ukiwa wilayani ni ya mganga mkuu, ni ya mradi, ni ya polisi, ni gari la wagonjwa. Ni injini ngumu mno na sifa zake ni za haki. Lakini mkanda wake una umri. Kwa kawaida unabadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi iwake ukifika huko. Sasa fikiria gari limenunuliwa mkono wa tatu, waya wa spidi umekatika miaka miwili iliyopita, kilomita zimesimama. Hiyo taa itawaka lini?

Hili ninalolisema limetugusa nyumbani. Mama yangu mdogo alikuwa na ujauzito wa miezi tisa, uchungu ukamwanza usiku huko upande wa Ilangala. Likapatikana gari la aina hii kumleta hospitali Nansio, sitataja ni la nani. Njiani likazimika ghafla, kimya, kama mtu aliyepigwa na usingizi. Dereva alifungua boneti, fenibelti ziko salama, maji yapo, betri ipo. Akapiga stata, injini inazunguka wepesi wepesi, haishiki. Taimingi belti ilikuwa imekatika, na kwa injini kama ile pistoni zikigonga valvu hakuna soksi wala tyubu. Mama mdogo alimalizia safari kwenye pikipiki, amekaa katikati, shangazi nyuma amemshika. Alifika, akajifungua salama, mtoto leo anatambaa. Wapo ambao hawafiki.

Wiki mbili baadaye nilikutana na yule dereva sokoni, mzee wa watu, mwenye uzoefu kuliko umri wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mama yako mdogo anaendeleaje?"

Nikamwambia wote wazima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Gari lilikuwa linanguruma vizuri tu. Lingekuwa linalia ningelisikia."

Nimelifikiria sana neno lile. Mzee alisema kweli tupu. Mkanda bapa ukichoka unapigapiga. Wa V unalia. Wenye meno, uliofichwa nyuma ya kava, kwa kawaida haukuambii kitu mpaka siku unapokatika. Kwa hiyo sikio, lililotuvusha miaka ile ya shida, hapa halina kazi. Kinachohitajika ni daftari: tarehe, kilomita, mkanda umebadilishwa, saini. Kilomita zikiwa hazijulikani, kanuni ya mafundi waangalifu ni moja, nunua gari, badilisha mkanda siku hiyo hiyo, anza kuhesabu upya. Badilisha na tensiona yake, na ukiona oili au maji yanavuja karibu, tibu kwanza hapo.

Na safari bado haijaisha. Mwaka 1958, kwenye maonyesho yale yale ya Amsterdam, Waholanzi wa DAF walileta gari la Hub van Doorne ambalo halina gia kabisa. Nguvu zilipita kwenye mikanda ya mpira na puli zinazobana na kutanuka zenyewe, na gari liliweza kwenda kinyumenyume kasi ile ile ya mbele. Kuanzia 1985 Polaris ya Marekani ikaweka mpango wa aina hiyo kwenye vigari vya magurudumu manne vya porini, na skuta za otomatiki zinazopita Mwanza mjini zina kanuni hiyo hiyo. Hapa mkanda ndiyo gia yenyewe. Ukikatika hutembei hata mita moja. Vigari hivi vinahitaji mkanda wa kipimo chake hasa, uvalishwe kwa kufuata mshale wa mzunguko, ubembelezwe kilomita za mwanzo, na usiingie maji, maana ukilowa unateleza. Kwa kisiwa chenye madimbwi kama chetu, anayetaka kuleta vigari hivi alete na mikanda ya akiba, na mtu aliyefundishwa.

Basi kijana wangu wa kidato cha tatu, kama unasoma haya, jibu ni hili. Mapinduzi ya viwanda yalifika Ukerewe kwa mkanda, na yalifika mara kadhaa. Kila mara mkanda ulikuja na nguvu zaidi na maisha marefu zaidi, na kila mara ulituondokea mkononi kidogo. Kuufuata ulikokwenda hakuhitaji pesa nyingi. Mkanda wenyewe ni bei ndogo sana ukilinganisha na injini. Kunahitaji kuandika.

Na kuandika, wanachuo wenzangu wa ualimu, ni kazi yetu. Tunafundisha watoto kujaza daftari la mahudhurio, tunajaza skimu na lesoni plani mpaka vidole vinauma. Sioni kwa nini klabu ya historia au ya fizikia pale shuleni isiende gereji siku moja, ikamchorea fundi daftari la magari yake, yeye akawaonyesha puli na mkanda. Yeye ana mkono, wao wana kalamu. Mimi nikipangiwa shule, popote itakapokuwa, hilo ndilo nitaanza nalo.

Likizo hii ukifika kwenu, pita kwenye mashine ya kusaga uulize mkanda ni namba ngapi. Na kama mzee ana gari, mwulize taimingi ilibadilishwa lini. Akikuna kichwa, usimwache.

Niishie hapa wapendwa, nina asainimenti ya falsafa ya elimu na ya kukabidhi ni kesho saa nne. Tuko pamoja.